Mama Mkwe na Neno la Siku

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Na gauni lenyewe lilikuwa jipya, kitenge nimeshonesha kwa ajili ya siku ya leo tu.

Kaeni niwasimulie. Atakayecheka mimi natoka kwenye hili kundi (sitoki, lakini mjue nimefikiria).

Kwa wageni humu: naitwa Devota, mwalimu wa Kiingereza kwenye sekondari moja ya kata, huku Ilembo, Mpanda. Nina mchumba anaitwa Maduhu, ana duka la dawa za mifugo mjini. Kijana mtulivu kabisa. Akikasirika sana anasema "aisee", basi, imeisha hiyo. Tatizo langu siyo Maduhu. Tatizo ni mama yake.

Mama Maduhu ameokoka, na ameokoka kwelikweli. Kwake hakuna pombe, hakuna chupa ya pombe, hata ile soda ya tangawizi aliikataa mpaka aliposomewa maandishi ya ubavuni. Sasa huyo mama akaambiwa mwanawe anataka kuoa binti wa Kipimbwe. Tena Mkatoliki. Tena ambaye shangazi yake ndiye mpishi wa wanzuki, ile pombe ya asali, kwenye sherehe zote za parokia. Akasema, "Mlevi haingii kwenye boma langu." Akaendelea kukamua ng'ombe.

Mimi sinywi. Naapa. Kwenye sherehe mimi ni soda ya machungwa na sahani ya pilau, halafu narudi kulala. Lakini nani atakuamini wakati pombe inapikwa kwenu na harufu yake imekaa mpaka kwenye mapazia?

Maduhu akambembeleza mama yake mpaka akalegea. Atakuja kuniona. Kwanza kazini, aone naishi vipi na watu. Kisha chakula cha mchana kwangu, pamoja na mchungaji wao, ambaye ndiye mshenga. Akiridhika, barua ya posa inapelekwa kwetu Mpimbwe. Asiporidhika, Maduhu anatafutiwa binti wa kwaya, na inasemekana binti mwenyewe yupo na anajua kukamua.

Kwa hiyo mjue leo kilichokuwa mezani ni ndoa yangu. Siyo kingine.

Jana jioni Maduhu akanipigia. "Devo, sikiliza. Mama anajua sentensi moja ya Kiingereza. 'How are you?' Aliipata kwenye elimu ya watu wazima na anaipenda sana. Lazima atawauliza wanafunzi wako."

"Wakijibu vizuri?"

"Wakijibu vizuri, umemaliza kazi."

Nikacheka. Nikamwambia hapo amegusa penyewe. Maana mimi nina vita yangu na neno "fine", na vita hiyo niwaeleze, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Nyie wenyewe mnajua. Mgeni akiingia darasani nchi hii, watoto wanasimama wote, akiuliza "How are you?" wanaimba: "We are fine, thank you, sir!" Mtoto ana malaria, "fine". Kiatu kimeachama, hajanywa hata uji, "fine". Nilipoajiriwa nikasema darasani kwangu neno hilo ni marufuku. Kila siku ninawapa neno jipya, naliita neno la siku, na ukiulizwa hali unajibu kwa neno hilo. Siku ya "hungry" wanakuwa hungry wote. Siku ya "delighted" wanakuwa delighted hata wakiwa wametoka kuchapwa viboko na mwalimu wa zamu. Mkuu wa shule aliipenda hiyo mbinu, akaitaja kwenye kikao cha walimu (nilikaa wima siku nzima).

Basi kwa ajili ya mama mkwe nikaandaa neno la heshima. "Grateful." Kushukuru. Nilitaka aulize, watoto wajibu kwamba wanashukuru, mchungaji aje asikie habari, tumalize.

Asubuhi nikaingia Kidato cha Kwanza B na gauni langu. Nikaandika GRATEFUL ubaoni kwa herufi kubwa. Tukafanya mazoezi. "How are you?" "We are grateful, thank you, madam!" Safi. Tena. Safi zaidi. Sauti zilikuwa zinatoka mpaka kwenye shamba la mihogo la jirani.

Tatizo muda ukabaki. Mgeni ni wa saa ya mapumziko, na mimi siwezi kuwaacha watoto wamekaa bure. Nikagawa vile vitabu vya hadithi vya msaada, vile ambavyo kurasa za mwanzo zimeliwa na panya, nikawaambia wasome kimyakimya.

Kulwa akanyoosha mkono. Kulwa ni msichana wa dawati la mbele, halali mpaka aelewe.

"Madam, hungover ni nini?"

Mwalimu mwenye akili timamu anasema, "Tutaliona kesho." Mimi nimebandika kwa mkono wangu mwenyewe ukutani: HAKUNA NENO LINALORUKWA. Kulwa akaangalia ule ukuta. Akaniangalia mimi.

Nikafuta "grateful". (Niacheni kidogo nivute pumzi.) Nikaandika HUNGOVER. Nikaeleza: ni kivumishi, ni hali ya mtu aliyelala na pombe akaamka nayo kichwani.

"Aaaah! Hangova!"

Darasa zima, kwa pamoja. Jamani, nimefundisha "grateful" nusu saa wakinitazama kama naongea na dari. Hili neno walikuwa wanalijua kutoka nyumbani, kila mtu na ndugu yake. Mikono ikapanda. Ikapanda mpaka ile ambayo sijawahi kuiona hewani tangu shule ifunguliwe.

Selemani, ambaye mimi nilikuwa nadhani ana matatizo ya koo, akasimama. "My uncle is hungover. He is greeting the door."

Nikashika meza. Sentensi mbili! Kitenzi kipo, kiima kipo, na mjomba anasalimia mlango!

Kulwa: "Our goat is hungover because it ate machicha." Mnayajua machicha, yale mabaki ya pombe wanayomwaga nyuma ya nyumba, na mbuzi akiyala kesho yake anatembea kwa kuegemea ukuta. Mwingine: "Every Monday my village is hungover." Mwingine tena: "The drum is not hungover but the man of the drum is hungover." Mimi machozi yalinilenga. Yaani hawa ni watoto ambao nyumbani wanaongea Kisukuma, Kibende, Kirundi, Kiswahili chenyewe wamekutana nacho njiani, na sasa wanatunga Kiingereza kama wanapanda karanga.

Nikasahau "grateful". Nikasahau saa. Nikasahau kwamba nina mchumba.

Nikanogewa. Kiingereza hufundishwa kwa vitendo, si ndiyo? Nikawaambia wasimame, washike kichwa kwa mikono miwili, wafumbe jicho moja, wayumbe kidogo.

"How are you?"

"WE ARE HUNGOVER, THANK YOU, MADAM!"

Tena! Tena kwa hisia! Selemani aliyumba mpaka akakaribia kuanguka, nikamsifia.

Hapo mlango ukafunguka.

Akaingia mkuu wa shule. Sasa mkuu jana alikuwa kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa kaka yake, na wanzuki ilikuwa ya shangazi yangu. Leo amekuja kazini na miwani myeusi na chupa ya maji baridi, anatembea taratibu kama amebeba mayai. Watoto wakamtazama. Wakatazama ubao. Wakamtazama tena. Zana ya kufundishia ilikuwa imeingia yenyewe.

Na nyuma yake, kwenye mwanga wa mlangoni, mama mmoja mrefu, vitenge viwili vya kufanana, kilemba kimenyooka, Biblia kwapani.

Nikapiga goti palepale kwenye vumbi la chaki. "Mwangaluka, mayu." Hicho ndicho Kisukuma changu chote, Maduhu alinifundisha kwa simu.

"Mwangaluka, mwanangu. Inuka, inuka, gauni litachafuka." Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Akatabasamu kidogo. Nikasema moyoni, Devota, unaolewa.

Kisha akawageukia watoto. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanzisha pambio.

"Hau aa yuuu?"

Mimi midomo ilifunguka niseme "grateful". Nilichelewa. Watoto wangu ni wasikivu mno.

Wote wakajiweka sawa. Mikono kichwani. Jicho moja limefumbwa. Wakayumba.

"WE ARE HUNGOVER, THANK YOU, MADAM!"

Mkuu wa shule alipaliwa na maji. Mimi nilitazama dirisha nikapima kama natosha kupita (sitoshi, lina nondo).

Mama Maduhu akapiga makofi! "Hee! Wamenijibu! Wote! Sijawahi kujibiwa na watu wengi hivi! Hau aa yuuu?"

Wakamjibu tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na Selemani safari hii alianguka kweli.

"Mwalimu," akaniambia, macho yanang'aa, "wale wengine wote nikiwauliza wananijibu 'faini', 'faini', mpaka nimechoka. Hili ni jipya. Maana yake nini? Na mbona wanashika kichwa?"

Kulwa akanyoosha mkono. Nikamtolea macho, akaushusha, nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake.

Mkuu wa shule akavua miwani. Macho mekundu kama nyanya. Sijui alikuwa ananiokoa mimi au anajiokoa yeye. "Maana yake, mama... ni mtu ambaye mambo mazuri ya jana bado yapo kichwani."

"Amina!" Mama akainua Biblia. "Na jana ilikuwa Jumapili!"

"Ndiyo, mama. Jumapili."

"Basi hata mimi ndivyo nilivyo! Mhubiri alishusha neno jana, mpaka sasa hivi lipo hapa." Akajigonga paji la uso. "Nifundishe, mwalimu. Nataka kujibu na mimi."

Nyie mnaojua mambo ya ukweni, niambieni mlitaka nifanye nini. Mama mkwe hujamfikisha hata kwenye barua, unamsahihishaje mbele ya wanafunzi? Unaanzia wapi? Nikamfundisha. Mungu anisamehe, nikamfundisha na matamshi. Akashika kichwa kwa mkono mmoja, mwingine una Biblia, akasema polepole na kwa heshima kubwa:

"Ai amu hangova, thenki yu."

Darasa likampigia makofi ya kilo. Yale ya kuhesabu, na ya mwisho anarushiwa mgeni. Mama akayadaka, akayaweka kifuani.

Tulipotoka nje mkuu alinivuta pembeni, anaongea kwa kunong'ona kwa sababu ya kichwa. "Madam Devota. Kama una jambo na mimi njoo ofisini. Usinisemee kwa watoto."

"Mkuu, siyo wewe, ni kitabu..."

"Kitabu kinavaa miwani?" Akaondoka na chupa yake. Angalau ruhusa ya kwenda nyumbani alinipa, naona alitaka nipotee machoni pake.

Tukashika njia, mimi na mama mkwe, kwa miguu. Nilipanga nimwambie njiani, taratibu, tukiwa wawili. Nilianza kabisa: "Mama, lile neno..." Akanikatiza. "Nalikumbuka! Usiogope." Na kulithibitisha akamwendea kijana wa bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake pale njia panda.

"Kijana, unajua Kiingereza? Hebu niulize hali."

Kijana akaamka. "How are you, bibi?"

"Ai amu hangova, thenki yu!"

Kijana akamtazama kwa huruma ya mtu aliyepita huko. "Pole sana, bibi. Kanywe supu. Uweke na pilipili."

Mama aliendelea kutembea amefurahi. "Vijana wa huku wana upendo. Sijamwambia hata nina njaa, ananielekeza supu." Mimi nikasema "ndiyo mama" na sauti yangu sikuitambua.

Akamjibu hivyo muuza nyanya. Akamjibu fundi cherehani, ambaye hakuwa ameuliza. Kila nikifungua mdomo kulikuwa na mtu mwingine wa kusalimia, na kila hatua ile aibu inakua, maana sasa siyo tena neno la watoto, ni mimi nimemnyamazia mama wa watu barabara nzima.

Nyumbani mambo yalikuwa yamepangwa vizuri. Mama Ketrina, mwenye nyumba wangu, ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, na alikuwa ameniazima sahani zake za maua. Nilikuwa nimepika wali wa kwetu Mpimbwe na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, kutoka Karema, imekaangwa halafu ikaungwa nyanya na bamia pembeni. Maduhu akafika na mchungaji. Mchungaji ni mtu mpole, mwembamba, amesoma chuo cha Biblia, na Kiingereza anakijua. Hilo la mwisho nililijua siku nyingi. Nilikuwa nimejisifia nalo kabisa kwamba tutaelewana.

Tukanawa. Tukaomba. Mama akala tonge la kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Maduhu akanikonyeza. Akala la pili.

"Mchungaji," mama akasema, "huyu binti ni mwalimu kweli. Nimekuta watoto wamechangamka! Na mimi amenifundisha. Hebu niulize kwa Kiingereza."

Moyo wangu ulishuka ukakaa kwenye mkeka.

"Mama, ongeza mboga," nikasema. "Mama, bamia!" Nikammiminia bamia mpaka sahani ikajaa.

Mchungaji akaweka mgebuka wake chini, akafuta vidole, akatabasamu. "How are you, Mama?"

Mama akashika kichwa. "Ai amu hangova, thenki yu, Pasta!"

Maduhu alikohoa wali ukatokea puani. Mchungaji hakukohoa. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akalitazama jagi la juisi ya ubuyu mezani, akalinusa kwa mbali.

"Tangu lini, mama?" akauliza kwa upole.

"Tangu jana! Tangu kanisani!"

"Kanisani?"

"Palepale! Nikalala nayo, nimeamka nayo. Na siyo mimi tu. Wale wanafunzi wote wako hivyohivyo, na mkuu wao wa shule. Ni huyu binti ndiye anayewafundisha."

Mchungaji akageuza macho yake kwangu. Macho ya huzuni, jamani, siyo ya hasira. Hayo ndiyo mabaya.

Nikaona barua ya posa inarudi kwenye bahasha. Nikamwona binti wa kwaya na ndoo yake ya maziwa. Nikashuka chini nikapiga magoti, gauni na yote, nikaanza kusema. Nilisema yote bila kituo: neno la siku, panya, Kulwa, mjomba na mlango, mbuzi na machicha, miwani ya mkuu. Nikasema maana halisi ya lile neno. Nikasema, "Mama, nisamehe, nilishindwa kukusahihisha. Wewe ni mama yangu, niliogopa." Nililia kweli. Siyo kwa kuigiza.

Mgebuka ulikuwa unapoa. Maduhu akasema, "Aisee," na mimi nikajua imefika pabaya.

Mama Maduhu akanawa mkono. Akaufuta kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda," akasema, "supu ilikuwa ya nini?"

"Ya... ya kichwa, mama."

"Mmh." Akafikiri. "Na alisema pilipili?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko sahihi. Pilipili na ndimu."

Maduhu akageuka. Mchungaji yeye akainamisha uso, nikaona mabega yanatikisika.

"Unanishangaa nini?" mama akamwambia mwanawe. "Ushuhuda wangu kanisa zima linaujua. Kabla sijaokoka nilikuwa napika, nauza, na kinachobaki nakunywa. Wewe kila nikisimama kushuhudia unatoka nje kuangalia pikipiki, utajulia wapi? Mimi hilo jambo nililijua kwa mwili wangu kabla vijana hawajalipa jina la Kiingereza." Kisha akanigeukia mimi, na uso wake ukawa mzito. "Ndiyo maana sitaki mlevi kwangu. Siyo kwa sababu siwajui. Nawajua. Lakini wewe kosa lako siyo pombe. Umeniona napotea kutoka shuleni mpaka hapa, ukanyamaza. Mkwe wa kuninyamazia simtaki. Kesho nikivaa kitenge ndani nje, utaniacha niende sokoni?"

"Hapana, mama."

"Utaniambia?"

"Nitakuambia, mama."

"Hata mbele ya watu?"

"Nitakuvuta pembeni, mama."

"Haya. Inuka, wali unapoa." Akachukua mgebuka mwingine. "Na lile neno la kwanza lilikuwa lipi? Uliloniandalia?"

"Grateful, mama. Kushukuru."

"Gumu hilo," akasema, akaendelea kula.

Sasa nyie mnafikiri kisa kimeishia hapo. Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilikuwa nimepona! Barua haijatajwa, lakini sahani yake aliimaliza, na mtu hamalizi sahani ya mkwe asiyemtaka. Nikatoka kuwasindikiza.

Nje uani tukakuta jumuiya. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba leo wanasali kwa mama Ketrina. Akina mama wamekaa kwenye mikeka, rozari mkononi, katekista kwenye kiti, wote wamenyamaza kumtazama mkwe mtarajiwa wa Devota. Mama Ketrina mwenyewe kasimama mlangoni, jicho moja kwa mgeni, jicho moja kwa sahani zake.

Mama Maduhu akawasalimia vizuri. Akapanda pikipiki nyuma ya Maduhu, upande, Biblia kwapani. Akanitazama. Nikaona ananionea huruma, anataka kuniaga kwa wema, kwa kitu chetu wawili. Akatabasamu tabasamu zima.

"Mwalimu! Hau aa yuuu?"

Nilijua la kusema. Naapa nilijua. "Grateful" lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Lakini ulimi umeimba kitu kimoja asubuhi nzima, na mtu ukishtuliwa unasema ulichozoea. Mikono yangu ilipanda yenyewe kichwani. Jicho likafumba. Nikayumba!

"I AM HUNGOVER, THANK YOU, MAMA!"

Kwa sauti ya darasani. Mpaka kwenye mihogo.

Katekista, ambaye amewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliangusha rozari. Mama Ketrina akasema, "Devota! Na sahani zangu?" (Sijui sahani ziliingiaje, lakini alizifuata ndani mbio.) Mama mmoja akauliza, "Kasemaje?" na katekista akamtafsiria. Kwa usahihi kabisa. Wakafanya ishara ya msalaba mkeka mzima.

Na mama Maduhu? Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Alimshika Maduhu begani asianguke, mchungaji akamshikia Biblia. Alipopata pumzi akampiga mwanawe mgongoni.

"Barua iende wiki hii," akasema. "Tumchukue huyu mtoto kabla hajaharibika zaidi."

Pikipiki ikaondoka, mchungaji akaifuata kwa bodaboda. Nikabaki uani na jumuiya yangu, na rozari ya leo nia ilikuwa mimi. Walinitaja kwa jina, kila fumbo.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, naolewa. Msinicheke, na atakayenitumia picha ya mbuzi nitamfuta namba. Kesho naingia Kidato cha Kwanza B mapema, nafuta ubao kwa maji na sabuni, naandika neno la siku. Ni neno zuri, neno la amani, halijawahi kumvunjia mtu ndoa.

Fine.